Mwana Hiti Hakuchongwa kwa Ajili ya Macho

Kiswahili hakijawahi kukubali kwamba kuona ni kazi ya macho peke yake. Tunaona njaa, tunaona kiu, tunaona haya. Mtu asiyeona kabisa atakwambia asubuhi ya Julai kule Mgeta, "Leo naona baridi," na hakuna atakayemsahihisha. Upande wa pili, mwalimu akimaliza somo anauliza, "Mmeshika?" Kijana akipishana na mzee anasema shikamoo, neno ambalo wazee wanatueleza kuwa asili yake ni kushika miguu. Yaani lugha yetu imeweka elimu na heshima mkononi. Halafu tukifika kwenye sanaa tunapachika kibao ukutani: USIGUSE.

Hapa nataka kufuata safari ya sanamu moja ndogo ya mti kutoka Milima ya Uluguru na nchi jirani. Ni safari ya kutoka kiganjani kwenda kwenye kioo, na nadhani inatufundisha jambo kuhusu wasioona ambalo mijadala mingi ya sanaa inalipita. Tumezoea kuuliza: tufanyeje ili kipofu naye apate sanaa yetu? Uluguru swali hilo limekaa kichwa chini, miguu juu. Huko, kazi mojawapo ya uchongaji yenye heshima kubwa ilikusudiwa kujulikana kwa mkono. Wenye macho ndio waliokuja baadaye, wakaifungia.

Jina lake ni mwana hiti. Wengi wao hawazidi shibiri moja kwa urefu. Kiwiliwili ni mche wa duara, kama mchi mdogo wa kinu. Hana mikono, na kwa kawaida hana miguu. Ana matiti mawili madogo, ana kitovu, na kichwani ana vishungi viwili vya nywele vilivyotenganishwa na mfereji katikati. Uso umechongwa kwa alama chache sana. Wengine huvishwa shanga. Wako waliotengenezwa kwa kibuyu au kwa gunzi la mahindi, lakini wa mti ndio waliodumu. Utawakuta kwa Waluguru, Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wakaguru, watu ambao kwa desturi mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Umbo hilo hilo la kichwa na kifua limechongwa pia kwenye egemeo la viti virefu vya wakubwa, kwenye fimbo, kwenye vizibo vya vibuyu vya dawa, na kwa Wazaramo hata kwenye nguzo za makaburi. Si mdoli wa kuchezea tu, basi. Ni kama muhuri wa ukoo wa kike.

Sasa, alitumikaje? Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Kukaa ndani kulichukua miezi, na zamani hata miaka. Hebu fikiria nyumba ya msonge ya Kiluguru: paa la nyasi linashuka karibu na ardhi, hakuna dirisha, moshi wa moto umeweka weusi kila mahali, mlango ni mmoja na hauachwi wazi hovyo. Mle ndani ndimo mwali alimopewa mwana hiti amlee. Amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele, amlaze. Yale mengine ya unyago siyaandiki hapa, yana wenyewe. Ninachotaka tukione ni hicho kimoja: sanaa hii ilikutana na mtu wake gizani. Mwali hakukaa mbali akiitazama. Aliijua kwa uzito wake, kwa ule mfereji wa kichwani ambao kidole gumba kinateleza ndani yake, kwa kitovu, kwa namna mbao ilivyopata joto baada ya kushikwa muda.

Ushahidi upo kwenye sanamu zenyewe. Mwana hiti wa zamani anang'aa, na mng'ao wake haukutoka kwa fundi mchongaji. Umetoka kwenye mafuta na viganja. Baadhi yao walirithiwa upande wa kike, kutoka mwali hadi mwali, kwa hiyo mng'ao mmoja ni kazi ya mikono ya vizazi. Wanunuzi wa sanaa ya Afrika hulipia sana mng'ao huo. Mnunuzi wa leo analipia miaka ya kuguswa, akifika nyumbani anaweka kitu chake mahali pasipoguswa.

Safari ya kwenda kwenye kioo ilianza na utawala wa Wajerumani. Baada ya 1885, maofisa, wamisionari na wasafiri walikusanya vitu vya huku na kuvipeleka Ulaya, na Berlin ikajaza ghala zake. Hapa kwetu jumba la makumbusho la Dar es Salaam lilianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa watu mwaka 1940, likiwa na jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Mwaka 1990 kilitoka kitabu kizima cha Marc Felix kuhusu mwana hiti na sanaa ya watu hawa wa ukoo wa mama. Kitabu kama hicho kiliwapa wachongaji wetu heshima waliyonyimwa muda mrefu. Lakini picha inakupa umbo, haikupi uzito. Haikwambii kama mbao ni baridi.

Tuwe wakweli pia kuhusu kioo. Watunza makumbusho hawakukiweka kwa roho mbaya. Jasho linaharibu, mikono ya maelfu ya wageni inachubua, na wezi wapo. Lakini kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalifahamu. Makusanyo mengi ya zamani ya Ulaya yalipakwa na kupuliziwa sumu za kuua wadudu, arseniki na DDT zikiwamo, ili mchwa na dumuzi wasile mbao. Sumu hizo bado zimo. Maana yake ni kwamba kitu kilichotengenezwa ili kilelewe kama mtoto mchanga kinaweza kuwa leo hakiwezi kushikwa bila glavu. Tunapodai vitu vyetu virudishwe, na ni haki kudai, tujue kwamba vingine vinaweza kurudi bila ile kazi yao ya kwanza.

Niliwahi kwenda na mama yangu mkubwa kwenye jumba moja la makumbusho, sitalitaja. Yeye haoni. Alikuwa mwali miaka michache kabla ya Uhuru, upande wa Matombo, na macho yalimtoka taratibu akiwa mtu mzima. Tulisimama mbele ya kabati. Nikamwambia, "Mama mkubwa, hapa yupo mwana hiti."

"Yuko wapi?"

"Ndani ya kioo. Ana shanga shingoni, rangi yake ya kahawia iliyoiva, kichwa kimepasuliwa hivi."

Akanyoosha mkono, akakuta kioo, akakipapasa mara moja. Mlinzi akakohoa. Mama mkubwa akaurudisha mkono chini ya khanga, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ni mzito?"

Nikasema sijui, haruhusiwi kushikwa.

"Basi na wewe hujamwona."

Sentensi hiyo haikuwa ya hasira. Alikuwa anataja hali ilivyo, kama mtu anayesema mvua imekatika. Lakini imebaki nami kuliko maandishi yote ya kwenye vibao vya lile jumba, kwa sababu inapanga mambo upya. Mbele ya kioo kile, yeye na mimi tulikuwa sawa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kumbukumbu ya mkono, mimi sikuwa nayo.

Wako watu duniani waliolifikia wazo hili kwa njia yao. Mwaka 1913 huko Sunderland, Uingereza, mtunza makumbusho aitwaye John Alfred Charlton Deas aliwaalika watoto wasioona wa mji ule waingie na kushika vitu vya makumbusho kwa mikono yao. Miaka ya 1930 huko Vienna, mwalimu Viktor Lowenfeld aliwapa udongo wanafunzi wasioona, nao wakafinyanga watu na nyuso. Kazi zao hazikufanana na sanamu za wenye macho. Kiungo kilichobeba maana, labda mkono ulioomba au kinywa kilicholia, kilitoka kikubwa. Lowenfeld hakuona hilo kuwa kosa la kurekebishwa. Aliandika kwamba kuna wasanii wanaoanza na jicho na wasanii wanaoanza na mwili, na kwamba aina zote mbili zipo hata miongoni mwa wenye macho mazima. Mwaka 1993 mjini Ancona, Italia, Aldo Grassini na mkewe Daniela Bottegoni, wote wawili wasioona, walifanikisha kuanzishwa kwa jumba la sanaa la kugusa lililopewa jina la Omero, yaani Homer, mshairi ambaye mapokeo yanasema alikuwa kipofu.

Mambo mazuri. Ila ukiyasoma ukiwa na Uluguru kichwani, unatabasamu kidogo. Ulaya ilibidi ivumbue ruhusa ya kugusa kwa sababu ilikuwa imeshaiondoa. Mwali wa Matombo hakuhitaji ruhusa hiyo. Alipewa kazi.

Swali linalouma liko kwetu wenyewe: wasioona wa huku tumewapa nafasi gani katika sanaa? Mkoa wa Morogoro unajua upofu vizuri. Mito inayoshuka kwa kasi milimani ndiyo mazalia ya usubi, yule inzi mdogo mweusi ambaye jina lake ndilo jina la ugonjwa anaoueneza. Minyoo yake huwasha ngozi kwa miaka, na mwishowe hula macho. Uluguru na Mahenge zimo katika maeneo ya nchi yetu yaliyoumizwa na ugonjwa huo. Dawa ya ivermectin imekuwa ikitolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987, na kuanzia miaka ya 1990 vijiji vyetu vilianza kugawiwa. Kwa kizazi cha mama mkubwa ilichelewa. Mto uleule unaoteremka kuwa Ruvu na kuwanywesha watu wa Dar es Salaam, ndio uliochukua macho ya watu wa juu.

Shule zilikuja. Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Kwa jirani zetu wa Kenya, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya Thika mwaka 1946. Huko watoto walipata nukta nundu, maandishi ambayo Louis Braille aliyachapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1829, na ambayo kwa kweli ni sanaa ndogo ya kugusa: kidole kinapanda na kushuka vilima vya karatasi, maana inatokea. Pamoja na kusoma, elimu ya wasioona kwa muda mrefu, huku na kwingineko, ilikuja na kazi za mikono: kusuka vikapu, mikeka, kutengeneza brashi. Kazi halali, imelisha watu. Lakini angalia mpaka uliochorwa hapo. Mkono wa asiyeona ulikubaliwa utengeneze kitu cha kutumia. Kitu cha kusema jambo, hapana.

Sehemu moja tuliyoufungua mlango ni muziki. Nani katika Watanzania wa umri fulani hazijui ngoma za Mzee Morris Nyunyusa? Hakuwa anaona, na alipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, kila moja na sauti yake. Kwa miaka mingi mapigo yake ndiyo yaliyotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi nzima ilinyamaza kusikiliza mikono ya mtu asiyeona, kisha ndipo serikali ikasema. Tulimsikia, tukamwita msanii bila kusitasita. Lakini tukamsifu kana kwamba ni sikio tupu. Mpiga ngoma anajua ngozi: imelegea au imekaza, imepata joto la moto kiasi gani, wapi pa kupiga ili itoe kilio na wapi itoe mngurumo. Huo ni ujuzi wa kugusa. Mkono uleule ungeweza kupewa udongo. Tuliwapa wasioona ngoma na kikapu, tukaishia hapo.

Ndiyo maana baada ya siku ile ya kioo nilitaka kujua mama mkubwa angefanya nini akipewa udongo. Alikuwa mfinyanzi alipokuwa na macho. Ufinyanzi wa Uluguru ni kazi ya wanawake na hautumii gurudumu. Chungu kinapandishwa kwa viganja kutoka kwenye bonge. Nikashika gari la Bigwa, tukapita Kiroka na Mkuyuni, barabara ikikunja na kukunjua, hadi Matombo, pale penye majabali ambayo watu waliona yana umbo la matiti, wakapaita hivyo. Binti wa jirani alishachota udongo mtoni. Mama mkubwa aliusaga vidoleni, akasema una mchanga wa kutosha, hautapasuka.

Alianza na chungu kidogo, kwa ajili ya kuukumbusha mkono, alisema. Nilichogundua ni kwamba hakubadilisha njia yake. Unene wa ukuta wa chungu tangu zamani aliupima kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sababu jicho haliwezi kuona ndani ya udongo. Kujua kama kimekauka alikiweka shavuni: udongo wenye maji una ubaridi. Kujua kama kuna ufa, unagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kulainisha ni kijiwe cha mtoni, mviringo hadi mkono uteleze. Moto tu ndio aliomwachia binti, kwa sababu za wazi. Kwa maneno mengine, ufundi ule ulikuwa wa mkono tangu mwanzo. Alipopoteza macho hakupoteza ufundi. Alipoteza watu wa kumletea udongo, kwa kuwa kila mtu aliamua kwamba kipofu hafinyangi.

Kisha akaniambia na mimi nichukue bonge. Tufinyange mwana hiti, kila mtu wa kwake.

Wa kwangu ulitoka kama picha za kitabuni: kichwa, mfereji, kifua, vyote mahali pake. Wa kwake ulikuwa mfupi zaidi na mpana kiunoni. Vishungi vilikuwa vikubwa kupita kiasi, na mgongoni kulikuwa na bonde dogo ambalo kwa macho lilionekana kama kosa. Nikamshika. Vidole vyangu vinne vikazunguka kiuno, gumba likaingia lenyewe kwenye lile bonde, na kichwa kikaegemea mkono wangu. Bonde lile lilikuwa mahali pa gumba langu. Alikuwa amefinyanga pamoja na mtu atakayeshika.

Nikamuuliza kwa nini mwana hiti hana mikono.

"Ya nini? Mikono ni yako."

Sisemi hii ndiyo tafsiri ya Waluguru wote. Ni jibu la mwanamke mmoja mwenye udongo kwenye kucha. Nimesoma maelezo mengine ya kitaalamu kuhusu umbo lile, kuhusu uzazi na mke na mume ndani ya sanamu moja, na sina ugomvi nayo. Ila jibu la mama mkubwa lina kitu ambacho mtazamaji wa kabatini hawezi kukifikia, kwa sababu kabatini sanamu inaonekana imepungukiwa. Ikiwa mkononi, imetimia.

Kwa hiyo, tufanye nini? Sidai vioo vivunjwe. Vile vya zamani vilivyobaki ni vichache, na vingine vina sumu. Lakini tayari tuna mfano wetu. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kimekuwepo tangu 1967, na pale unaingia kwenye nyumba za jamii mbalimbali, unainama mlangoni, unashika ukuta wa udongo, pua inapata harufu ya nyasi za paa. Hakuna anayehitaji macho kujua kwamba nyumba ile ni tofauti na ya jirani. Wazo hilo lingeweza kwenda mbele hatua moja. Kando ya kila mwana hiti aliye kwenye kioo, awekwe mwenzake wa kushikwa, amechongwa na fundi aliye hai, kwa mti uleule, kwa uzito uleule, na maelezo yake yawe kwa nukta nundu pia. Apakwe mafuta. Aachwe ang'ae kwa viganja vya wageni, mwaka hadi mwaka. Na mji wa Morogoro, wenye wanafunzi wengi na soko kuu lililopewa jina la Chifu Kingalu, hauna sababu ya kusubiri Dar es Salaam ianze.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa sababu halihitaji fedha. Asiyeona akiingia kwenye karakana ya sanaa, asikaribishwe kama mgonjwa wa kufarijiwa. Akaribishwe kama fundi ambaye ana jambo tusilolijua. Vishungi vikubwa vya mama mkubwa si vya kusahihishwa, kama vile mikono mikubwa ya wale watoto wa Vienna haikuwa ya kusahihishwa.

Na jambo la tatu lina haraka. Wanawake waliolea mwana hiti gizani, waliomjua kabla hajawa kitu cha kuuza, wamebaki wachache na ni wazee sana. Baadhi yao hawaoni. Mchongaji akimaliza nakala yake, kabla hajaipeleka makumbusho, aipeleke kwao kwanza. Wapewe mkononi, waachwe kimya kidogo wapime. Wakisema huyu ni mwepesi mno, arudi kuchonga tena. Wakisema ndiye, basi ndiye.